Mashua Inayobebwa na Wamama Wawili



Wengi wenu mnaikumbuka ile mashua yetu. Tuliinunua kwa feza ya likelemba, mwaka mzima bila hata mmoja wetu kula zamu yake. Ilikuwa ya mbao nene, imepigwa misumari, imezibwa kwa pamba na lami. Siku tulipoishusha majini tuliimba mpaka sauti zikakauka. Kwa miezi kadhaa ilibeba maharagwe, ndizi na nanasi zetu mpaka sokoni, na tuliacha kulipa nafasi katika mitumbwi ya watu.

Shida yake ilikuwa moja tu: uzito. Kuivuta kutoka majini mpaka mchangani kulihitaji wanaume sita, na wanaume sita hawaji bure. Siku ambazo sanduku letu lilikuwa na kitu, tuliwalipa. Siku ambazo lilikuwa tupu, tuliiacha majini, imefungwa kwa kamba kwenye mti. Usiku mmoja wa mvua kubwa mawimbi yakaigonga kwenye mawe mpaka kulipokucha. Asubuhi tuliokota mbao. Deni tulilokopa kwa kumalizia bei lilikuwa bado halijaisha, na tukaendelea kulilipa miezi saba, kwa mashua ambayo haikuwepo tena.

Hakuna aliyekufa usiku ule, na kwa hilo tunashukuru. Lakini sisi tunaoishi kando ya Ziwa Kivu tunajua kwamba siku nyingine huisha vibaya zaidi. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa watu na mizigo ilizama mbele ya Goma, karibu na bandari ya Kituku. Watu waliokuwa ufukoni waliiona ikilala ubavu. Makumi ya watu walikufa wakiwa wamekaribia kufika nyumbani. Vita vilikuwa vimefunga njia ya nchi kavu, na waliopanda hawakuwa na njia nyingine.

Tangu hapo, kila tunapokutana, maswali mawili yanarudi. La kwanza: je, kuna mashua ambayo wamama wawili wanaweza kuiinua wenyewe, bila kumwita wala kumlipa mtu? La pili: je, kuna mashua ambayo ikijaa maji haizami?

Wiki hii tunawaletea tuliyoyapata. Jibu la maswali yote mawili ni ndiyo. Mashua hiyo ina umri zaidi ya miaka 60, na maelfu ya familia waliijenga wenyewe, nyumbani kwao.

Picha kwenye simu

Habari hii ilitufikia kwa dada yetu mmoja aliyeolewa Uingereza. Alipokuja kutusalimu alituonyesha picha kwenye simu yake: mashua ndogo yenye mbele butu, kama sanduku lililokatwa, na tanga jekundu. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jirani yake kama vile sisi tunavyoegemeza kitanda siku ya kufagia.

"Hii," alisema, "baba wa nyumba aliijenga pamoja na watoto wake ndani ya gereji. Na si seremala. Ni mtu wa ofisi."

Tulicheka. Mtu wa ofisi ajenge mashua! Lakini yeye hakucheka. Alitueleza hadithi yake, nasi tukaitafuta zaidi.

Jina lake ni Mirror. Ilitoka mwaka 1963, na jina hilo ni la gazeti, Daily Mirror, gazeti lililosomwa sana na wafanyakazi wa kawaida wa Uingereza. Wakati ule kuendesha mashua za tanga kwa starehe kulikuwa jambo la matajiri. Gazeti lilitaka wasomaji wake nao wafike majini. Watu wawili waliunganisha akili zao. Mmoja alikuwa Barry Bucknell, aliyejulikana nchini mwake kwa sababu alionyesha kwenye televisheni jinsi mtu anavyoweza kutengeneza nyumba yake kwa mikono yake. Wa pili alikuwa Jack Holt, mchoraji wa mashua nyepesi.

Hawakuuza mashua iliyomalizika. Waliuza vipande: mbao zilizokatwa tayari, waya, gundi, na maelezo ya hatua kwa hatua. Bei ya mwanzo ilikuwa pauni 63 na shilingi 11. Familia ilipeleka vipande hivyo nyumbani, ikasukuma meza pembeni, ikaanza kazi. Mpaka leo zimejengwa zaidi ya 70,000. Tanga lake likawa jekundu, rangi ya gazeti lenyewe.

Kilo 45

Tuanze na swali letu la kwanza, la uzito.

Mwili wa Mirror, bila mlingoti na tanga, una kilo 45 na nusu. Fikirini mfuko mmoja wa saruji, ule wa kilo 50: mashua hii ni nyepesi kuliko huo. Urefu wake ni mita 3 na sentimeta 30, upana mita 1 na karibu sentimeta 40. Wamama wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wanaipandisha mchangani, wanaigeuza kifudifudi, wanakwenda nyumbani kulala. Mvua ikija usiku, ije. Mashua haiko majini.

Wepesi huo unatoka wapi? Kwanza, kwenye mbao zenyewe. Mashua yetu ya zamani ilikuwa ya mbao nene zilizopasuliwa kwa msumeno. Mirror ni ya tripleksi, yaani ngozi nyembamba za mti zilizobandikwa moja juu ya nyingine. Ngozi moja inalala kwa urefu, inayofuata inalala kwa upana, kama ukili unavyopishana kwenye mkeka. Kwa sababu hiyo haipasuki kirahisi kufuata nyuzi za mti, na unene wa milimita chache unatosha. Lakini si tripleksi yoyote. Ile ya kutengenezea dari au kabati, gundi yake hulainika kwenye maji na ngozi zikaachana. Ya mashua inabandikwa kwa gundi isiyoogopa maji. Yeyote atakayekuuzia ya dari akakuambia ni sawa tu, mwombe kipande kidogo, ukichemshe kwenye sufuria kwa muda, kisha ukiache kikauke. Ngozi zikifunguka, umeshapata jibu bila kupoteza feza.

Pili, wepesi unatoka kwenye namna ya kuiunganisha. Na hapa, wamama washonaji, fungueni masikio.

Mbao zinashonwa

Fundi wa mashua wa kawaida huanza na mifupa. Anaweka uti chini, anasimamisha mbavu, kisha anapigilia mbao juu yake. Kila ubavu unachongwa kwa pembe yake, na hapo ndipo ufundi wa miaka mingi unapohitajika. Mifupa hiyo pia ndiyo inayoleta uzito.

Mirror imeiacha sehemu kubwa ya mifupa hiyo. Mbao zake hukatwa kwa kipimo, kama mshonaji anavyokata kitambaa kwa kufuata karatasi ya mfano. Kwenye kingo hutobolewa matundu madogo. Mbao mbili huletwa ukingo kwa ukingo, na kipande cha waya wa shaba hupitishwa kwenye tundu la huku na tundu la kule, kisha hukazwa kwa koleo. Tundu kwa tundu, mpaka mwisho. Kanzu inaanza bapa mezani, lakini ukishashona ubavu inapata umbo la mtu. Ndivyo inavyokuwa hapa. Mbao zilizokuwa bapa zinajikunja, na mashua inajitokeza yenyewe mbele ya macho yako.

Baada ya kushona, mshono hufunikwa kwa ndani na utepe wa nyuzi za kioo uliolowekwa rezini, ile gundi ya maji ambayo ikichanganywa na dawa yake huwa ngumu kama jiwe. Ikikauka, ncha za waya zilizotokeza nje hukatwa, kingo husuguliwa, na utepe mwingine huwekwa kwa nje. Kuanzia hapo nguvu iko kwenye utepe na rezini. Waya ulikuwa kama pini za mshonaji: umeshika kazi mpaka mshono wenyewe ulipokuwa tayari. Halafu inapakwa rangi vizuri ndani na nje, kwa sababu maji yakiingia kwenye ukingo wa tripleksi uliobaki wazi, yanaanza kuoza humo kimyakimya.

Bibi mmoja katika kikundi chetu aliposikia hayo alisema, "Basi wazungu wamegundua mtepe." Bibi huyo alikaa miaka mingi pwani, na ana haki ya kusema hivyo. Waswahili wa pwani, hasa upande wa Lamu, walikuwa na chombo kilichoitwa mtepe, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka. Ni vyombo vya safari za bahari, si vya kuchezea. Tofauti ni kwamba kwenye mtepe kamba ndiyo iliyoshika chombo maisha yake yote, na kwenye Mirror waya unashika mpaka rezini ikauke. Lakini wazo la kushona mbao si geni kwa watu wa lugha yetu.

Ikijaa maji

Sasa swali la pili, lile linalotunyima usingizi.

Mashua ndogo yoyote inaweza kupinduka. Mirror nayo hupinduka, na watoto wengi wanaojifunza ndani yake wanapinduka mara nyingi. Lakini ilichorwa ili kupinduka kusiwe kifo. Mbele, nyuma, na pande zote mbili, imejengwa na masanduku ya hewa yaliyofungwa, kila moja peke yake. Mnapokaa, mnakaa juu ya masanduku hayo, kwa hiyo hayapotezi nafasi. Mashua ikipinduka, maji yanajaa katikati, lakini masanduku yanabaki na hewa yake, na mashua inabaki juu. Waliokuwa ndani wanaishika, wanasimama juu ya ubao unaotokeza chini yake, wanaivuta kwa uzito wao mpaka inarudi wima, wanapanda, wanachota maji kwa ndoo, wanaendelea. Sanduku moja likitoboka, mengine bado yapo.

Linganisheni na mashua zetu nyingi. Humo mna motere, magunia, na watu. Zikijaa maji, hakuna kinachozishikilia juu isipokuwa mbao zenyewe, na mbao haziwezi kushikilia chuma na umati wa watu. Ndiyo maana zinakwenda chini, na walio juu wanabaki bila kitu cha kushika.

Tuseme ukweli huu kwa sauti: masanduku ya hewa hayagharimu sana kuliko mashua isiyo nayo. Ni mbao chache zaidi na mawazo zaidi. Aliyechora Mirror aliweka usalama ndani ya chombo tangu siku ya kwanza, hakusubiri mwenye chombo aununue baadaye.

Makasia kwanza, tanga ukitaka

Jambo jingine lililotupendeza ni kwamba mashua hii haikulazimishi. Ina mahali pa kuwekea makasia mawili, na mtu mmoja anaweza kuipiga peke yake akiwa amekaa. Ukitaka, unaweza kufunga motere ndogo nyuma. Na ukitaka, unasimamisha tanga.

Tanga lake lilipangwa kwa akili. Mlingoti ni mfupi. Juu yake hupandishwa mti wa pili, ambao watu wa pwani wangeuita foromali, unaosimama karibu wima na kuongeza urefu. Kwa kuwa mti umegawanyika hivyo viwili, ukishushwa vyote vinalala ndani ya mashua yenyewe. Hakuna mti mrefu wa kubeba njiani wala wa kutafutia mahali nyumbani. Tanga kubwa na lile dogo la mbele kwa pamoja ni kama mita mraba 6 na nusu, yaani karibu ukubwa wa kitenge kimoja cha yadi sita.

Kwa kwenda na tanga kunahitajika vitu viwili zaidi. Kuna usukani nyuma, na kuna ubao unaoshushwa katikati mpaka majini. Ubao huo una kazi ya kuizuia mashua isisukumwe kando kama jani. Upepo unaisukuma ubavu, ubao unakataa, na mashua inateleza kwenda mbele. Ukitaka kupiga makasia tu, unauvuta ubao juu, unakunja tanga, basi.

Kwa wamama wanaohesabu feza, fikirini maana yake. Upepo hauuzwi kwa lita. Siku upepo ukiwa mzuri unapumzisha mikono. Siku ukiwa mkali unashusha tanga, unashika makasia, au unabaki nyumbani. Na hekima ya kubaki nyumbani ni rahisi zaidi kuifuata pale ambapo hujalipia mafuta wala hudaiwi zamu ya motere.

Waliotoka ndani yake

Watoto wengi wa Uingereza walianza maji kwenye Mirror. Mmoja wao ni Shirley Robertson wa Scotland. Utotoni alijifunza kuendesha tanga ndani ya Mirror kwenye ziwa dogo linaloitwa Loch Ard. Mwaka 2000, huko Sydney, alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki akiwa peke yake ndani ya mashua. Mwaka 2004, huko Athens, alipata nyingine, safari hii pamoja na wanawake wenzake wawili, Sarah Webb na Sarah Ayton. Binti wa ziwa dogo, mashua ya mbao nyembamba, medali mbili za dhahabu.

Mwingine ni mwalimu, A. J. Mackinnon. Mwaka 1997 aliondoka katika jimbo la Shropshire ndani ya Mirror iliyokuwa imeshazeeka. Alisema anakwenda kidogo tu. Aliendelea kwa makasia na tanga, mto kwa mto na mfereji kwa mfereji, akavuka mlangobahari mpaka Ufaransa, akateremka Danube, na mwaka 1998 akafika Bahari Nyeusi, huko Romania. Ni safari ya karibu kilometa 4,900. Aliandika kitabu juu yake. Hatuwaambii hayo ili mtu apande mtumbwi kesho aseme anakwenda Romania. Tunawaambia ili msidhani kwamba chombo chepesi ni chombo dhaifu. Uzito na nguvu ni vitu viwili.

Tusidanganyane

Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu gazeti letu halijazoea kuwauzia wamama ndoto.

Mirror ni mashua ya watu wawili wazima, au mtu mzima na watoto wawili. Haibebi magunia kumi. Haichukui nafasi ya mashua kubwa za kuvuka kutoka Idjwi au Minova. Mama mwenye biashara ya kilo 300 za maharagwe hatasaidika nayo, isipokuwa aende safari nyingi sana.

Vifaa vyake navyo si vya kuokota. Tripleksi ya gundi nzuri inapatikana mijini kwa bei ya mijini. Rezini na utepe wa nyuzi za kioo ni vya kutafuta. Na rezini ina sumu: hufanyiwa kazi mahali penye hewa, mikono ikiwa imevaa glavu, watoto wachanga na wajawazito wakiwa mbali. Vumbi la kusugua nyuzi za kioo linaumiza mapafu na kuwasha ngozi, kwa hiyo mdomo na pua vifunikwe.

Tena, ziwa letu si Loch Ard. Upepo unaweza kugeuka wakati ufuko bado uko mbali. Mashua nyepesi husukumwa haraka na upepo kuliko nzito. Hakuna mashua duniani inayochukua nafasi ya jile ya kuokoa maisha, wala ya kujua kuogelea. Kati yetu thelathini na mmoja tulipoulizana, wanaojua kuogelea walikuwa wanne. Tunaishi mita mia mbili kutoka ufukoni. Kimya kilichofuata baada ya hesabu hiyo kilikuwa kirefu.

Mashua ya karatoni

Lakini hatukutaka mkutano uishie kwenye kimya. Jumamosi iliyopita tulikusanya watoto, karatoni za biskuti, uzi, sindano kubwa, skochi na mishumaa. Tulikata vipande vya mashua ndogo, urefu wa mkono mmoja. Watoto walitoboa matundu kwenye kingo na kushona kwa uzi, kama ilivyo kwa waya. Tuliziba mishono kwa skochi, tukapaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ili karatoni isinywe maji. Mshonaji wetu mmoja, mama wa vitenge, ndiye aliyemaliza wa kwanza, na mishono yake ilikuwa mizuri kuliko ya wote.

Tulitengeneza mbili zinazofanana. Ya kwanza tuliiacha tupu. Ya pili tuliifungia ndani chupa nne ndogo za dawa, tupu, zenye vifuniko vilivyokazwa: moja mbele, moja nyuma, na moja kila upande. Tulizijaza beseni la kufulia maji, tukaziweka zote mbili humo, kila moja na mawe matatu. Zilielea sawa. Kisha tukamwagia kila moja kikombe cha maji, na kingine, na kingine.

Ya kwanza ilikwenda chini na mawe yake. Ya pili ilijaa mpaka ukingo, ikashuka, ikasimama. Kingo zake zilikuwa sawa na maji, lakini haikuzama. Mtoto wa kiume wa miaka sita aliiangalia, akatia kidole, akaibonyeza chini. Alipotoa kidole ikarudi juu. Akaibonyeza tena. Ikarudi tena. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake. Ni mama aliyempoteza kaka yake ziwani, na wote tunajua. Alisema maneno machache tu: "Chupa za dawa. Chupa tupu za dawa."

Hatukuendelea na somo kwa muda.

Tuliyoamua

Mashua ya kujenga wenyewe tutaifikia polepole. Mtunza sanduku amefungua ukurasa mpya kwenye daftari, na kila mwanachama atatia franka kidogo kila wiki, kando ya likelemba ya kawaida. Safari hii hatutakopa. Tukipata mbao, tutajenga moja ndogo kwanza, ya kujifunzia, na binti zetu watakuwemo tangu tundu la kwanza.

Lakini lipo jambo moja ambalo halisubiri feza, na tunawaomba mlifanye wiki hii ninyi mlio na mtumbwi au mashua, au mlio na mume, kaka au shemeji mwenye nayo.

Bidoni tupu ya lita 20, ikifungwa kifuniko sawasawa, ikisukumwa chini ya maji inasukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 20. Bidoni nne ni karibu kilo 80. Zifungeni chini ya viti: pande zote mbili kwa usawa, mbele na nyuma. Zifungwe kwa kamba imara, kwa sababu bidoni isiyofungwa itaruka na kwenda zake saa ile ile mnayoihitaji. Jaribuni kila kifuniko kwa kuiminya bidoni ndani ya maji, mkiona povu, hiyo si nzima. Mashua ikiwa kubwa, au ikiwa na motere, ziwe nyingi zaidi.

Na mwenye mashua asije akasema, "Sasa tuna bidoni, tuongeze magunia." Bidoni hazikuwekwa kwa ajili ya magunia. Zimewekwa kwa ajili ya ile siku ambayo kila kitu kingine kimeshindwa, ili mtu apate cha kushika mpaka afikiwe.

Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye mume wake anavua sambaza, alikwenda nyumbani Jumamosi ile ile na bidoni mbili za kwake na mbili alizoazima. Mume alimwuliza kama sasa amekuwa fundi wa mashua. Alimjibu kwamba hapana, amekuwa mke anayetaka mume wake arudi. Jumapili asubuhi bidoni zilikuwa zimefungwa.

Wiki ijayo tutakutana mahali petu, saa nane, baada ya soko. Lete karatoni moja na binti mmoja. Wanaojua kuogelea, wale wanne, wameahidi kuanza kuwafundisha wengine kwenye maji ya kiunoni, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Na wewe unayesema umri umepita, bibi yetu wa pwani amejiandikisha wa kwanza.